Siti Iliyokuwa Ikipanda

Kwako Dada yangu, Twiga wa ukoo wetu,

Shikamoo. Shikamoo hii naitoa nimesimama na kofia nimeivua, kwa hiyo usiipokee ukiwa umelala. Natumaini barua itakukuta na afya yako, na miguu yako mirefu bado inafika chini. Shemeji dereva naye awe hajambo, na lori lake lisiwe na jambo, maana kwa dereva ukimsalimu mtu ukaliacha gari umesalimu nusu. Wapwa zangu wape salamu mmoja mmoja kwa mpangilio wa ukorofi, ukianza na yule aliyeona picha yangu akauliza kama kichwa cha mjomba kinapakwa grisi. Mwambie hiyo ni akili, imejaa ndani mpaka imetoka nje kupunga upepo.

Ukitaka kujua hali zetu huku, tupo. Wifi yako yupo, ananenepa na kunikemea, vyote kwa pamoja na vyote kwa bidii. Karakana yangu ipo palepale pembeni ya kinyozi, na jina langu limezidi kukua. Siku hizi wananiita Profesa wa Spana. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, hilo unalijua, lakini nimezunguka bandarini, nimezunguka migodini, nimelala kwenye miji ambayo hata ramani inaitaja kwa aibu, na kote huko sijaona baiskeli iliyonishinda. Baiskeli ikinisikia nakohoa inajinyoosha yenyewe.

Ila hapo niliposema tupo, Dada, nimemruka mtu mmoja, na najua umeshaona. Baba anaumwa. Si mafua, wala si mguu. Ni ugonjwa wenyewe. Nataka uje nyumbani, na uje upesi. Ombi langu ni hilo, na nimeliweka juu mapema kama alivyotufundisha mwenyewe alipokuwa tarishi wa ofisi, kwamba ujumbe wa haraka haufukiwi chini ya mfuko. Yanayofuata ni maelezo ya jinsi nilivyojua, na kwa nini nakuomba wewe uliyeambiwa mlango huu usiujue tena. Tafadhali usiruke. Najua tabia yako ya kusoma mwisho kwanza.

Unaikumbuka baiskeli ya Baba, ile nyeusi, nzito kama deni la mkweo, aliyoachiwa na ofisi alipostaafu. Unakumbuka tulivyoipanda watu watatu kwa zamu, yeye kazini, wewe chuoni, mimi popote palipokuwa na ugomvi. Na unakumbuka sheria ya nyumba, kwamba kila mpandaji ana mstari wake kwenye bomba la siti, lile linaloingia ndani ya fremu. Mistari hiyo Baba aliichonga kwa msumari. Wangu ulikuwa juu kabisa, karibu na siti yenyewe, maana nilikuwa mfupi kama kisiki na bomba lilibidi lizame lote. Wa Baba ulikuwa katikati. Wako ulikuwa chini kabisa, unakaribia ile alama ya kiwandani ambayo haitakiwi kuonekana nje ya fremu hata siku moja, kwa sababu bomba likibaki kipande kidogo ndani, siku ukiingia shimoni linapinda au linachomoka, na wewe unakwenda kusalimiana na barabara kwa meno. Baba alikuwa akisema mstari wako na alama ya kiwandani ni majirani, wanaombana chumvi.

Na unakumbuka alivyokuwa akitupima. Alikuwa anatuegemeza ukutani, kisigino kwenye pedeli, pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Halafu anasema haya, sasa weka unyayo wa mbele, na goti likikunja kidogo ndipo anakaza. Siti si kochi la sebuleni, ndivyo alivyokuwa akisema. Ukiiweka chini sana inakula magoti, ukiiweka juu sana inakula mgongo, na usipoikaza vizuri inakula heshima yako mbele ya watu. Ujuzi wangu wote ninaojitapia mjini ni maneno ya mzee huyo, mimi nimeongeza kelele tu.

Sasa basi. Siku moja alikuja karakana akaegemeza baiskeli, akasema siti yake imepanda. Nilicheka mpaka spana ikanidondokea kidoleni. Nikamwambia, Baba, siti hushuka. Kibano kikilegea, uzito wa mtu huisukuma chini, hata mtoto mchanga analijua hilo. Haijawahi kuzaliwa siti inayopanda huku imekaliwa na mtu. Akanitazama kwa yale macho yake ya kiofisi, akasema wengine zao hushuka, yake inapanda, na kama nataka kumwita mwongo nivue kwanza kofia. Kinyozi, ambaye hajawahi kuona mazungumzo yasiyomhusu, akatoa kichwa dirishani na kuuliza tunashangaa nini. Unga umepanda, sabuni imepanda, nauli imepanda, kwa nini siti ya mzee peke yake ibaki nyuma?

Tukacheka wote, hata Baba. Nikampima kwa sheria yake mwenyewe, na kweli, kisigino hakikufika kwenye pedeli. Kilining'inia. Nikalichomoa bomba lote, nikalipiga msasa likatoka kutu, nikapaka grisi ili lisije likaganda ndani ya fremu, nikarudisha, nikashusha siti kidogo, nikakaza. Nikachonga mstari mpya. Halafu nikaishika siti kwa mikono miwili nikaisokota kulia na kushoto kama mtu anayekamua nguo, na haikucheza. Nikamwambia hata ikipandwa na tembo mwenye mke mnene haitatikisika. Kitu kimoja nilikiona siku hiyo nikakipita: mstari wangu wa utotoni, wenye kukaa nje kwenye mvua, ulikuwa umeliwa na kutu nusu, lakini wako ulikuwa unang'aa kama umechongwa jana. Nikasema moyoni, ni kwa sababu unakaa ndani penye grisi. Profesa!

Akarudi tena. Imepanda. Nikabadilisha kibano. Akarudi tena. Imepanda. Nikabadilisha bolti na nati, nikakagua fremu kama ina ufa, nikageuza siti juu chini kutazama springi zake, nikaona labda zimekakamaa zinamnyanyua. Kila mara nashusha, kila mara nachonga mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Nikaanza kumshuku kinyozi kwamba anaiazima baiskeli Baba akiwa amepumzika, kisha anaipandisha siti kwa urefu wake na kuirudisha bila adabu. Nikamwendea nikiwa nimekunja shati. Akaapa mbele ya wateja wenye sabuni kichwani kwamba yeye baiskeli hajui hata kuisukuma, akishika usukani tu mtaro unamwita kwa jina. Tukanuniana. Na mimi, kwa huu mdomo wangu usio na breki, nikaifanya habari hiyo kuwa hadithi ya mjini. Watu walikuwa wakija kuziba pancha wananiuliza jini la siti linaendeleaje, nami naongeza chumvi, kicheko kinafika barabarani.

Aliyelikamata jini hilo ni wifi yako. Tulikuwa tunakula, mimi nasimulia kwa madaha jinsi nitakavyoutega mtego, naye akaweka kijiko chini akaniuliza taratibu kama suruali za Baba nazo zina jini. Nikamuuliza zimefanyaje. Akasema yeye huzikunja pindo na kuzishona upya, na akishamaliza baada ya muda zinaburuza tena. Alidhani kitambaa kinalegea. Basi unaambiwa, Dada, tonge nililirudisha sahanini.

Niliinuka nikaenda uani. Baba alikuwa anatoka jikoni na kikombe chake cha bati. Unaukumbuka ule mlango wa jikoni, kizingiti chake cha juu kilivyokuwa kinampiga kipaji cha uso akisahau kuinama, na matusi yake ya heshima, ‘mlango huu haukusoma’? Alipita chini yake wima, Dada. Wima kabisa, na mwanga ukabaki juu ya kichwa chake.

Siti haikuwa inapanda. Baba ndiye aliyekuwa anashuka.

Tukampeleka hospitali, yeye kwenye karia, mimi nakanyaga, akinisahihisha njia nzima jinsi ya kukata kona. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alituonyesha picha ya mgongo wake kwenye kioo cha taa. Pingili zimekaliana kama matofali yaliyolowa, na mifupa ya nyonga na ya miguu nayo imepinda, ndiyo maana kisigino kilikuwa hakifiki. Alisema kwamba ugonjwa ulianzia kwingine mwilini, kimyakimya, ukahamia kwenye mifupa, na sasa hakuna cha kukata wala cha kutoa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama nyumbani hatukuona mzee anavyopungua. Nikamjibu tuliona, daktari. Tulikuwa tunashusha siti. Hakucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema jambo la kuchekesha nisitake mtu acheke.

Kupanda baiskeli akakatazwa. Mgongo ule, alisema, ukipigwa na shimo moja tu la barabarani basi. Nikadhani hapo ndipo mwisho wa safari zake. Lakini unamjua Baba. Alikatazwa kuipanda, hakukatazwa kuisukuma. Akawa anaisukuma kama fimbo yenye magurudumu, anakwenda nayo mjini na kurudi na pakiti ya chumvi. Nasema chumvi, Dada. Tangu zamani alikuwa na hiyo tabia ya kutoka mchana fulani akisema chumvi imekwisha, nasi hatukumhoji, maana mzee akitaka kunyoosha miguu haulizwi. Sasa wifi yako akaanza kulalamika. Chumvi iko kwenye ndoo, chini ya kitanda, kwenye sanduku la marehemu Mama. Nikamtania Baba kwamba mtu akisema umekula chumvi nyingi ni heshima, si amri. Akasema nyumba haikosi adui mpaka ikose chumvi. Methali hiyo sijaisikia popote duniani, na mimi nimetembea. Aliitunga papo hapo ili aniondokee.

Dawa za maumivu zikaongezwa, na ugonjwa nao ukaongeza nguvu zake, na akili yake ikaanza kuingia na kutoka. Sasa nakuja kwenye lenyewe, na hapa ndipo naomba ukae kama umesimama.

Alikuja karakana mchana mmoja wa jua kali, anaisukuma baiskeli hatua kwa hatua, amechomekea shati lake la kazini. Akaniambia hujambo fundi. Nikajua ni utani, nikamjibu sijambo mzee wangu, karibu kwa bingwa, kabla hujafika tumeshamaliza. Akakaa kwenye benchi akanitazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama fundi asiyemjua na anayeogopa atamwibia nati. Akauliza kama nina watoto. Hapo nikajua si utani. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake, akaona uso wangu, akaingia ndani akazima redio. Tangu siku hiyo nimemsamehe yote, na kwenye kunyoa hanitozi kitu, ingawa cha kunyoa hakipo.

Nikamjibu Mungu bado hajanipa. Akasema atakupa, mkono wako unaonekana una subira. Kisha akaniambia amekuja siti ipandishwe. Nikamwambia mzee, siti hii imeshushwa kwa ajili yako, sasa hivi imefika mwisho. Na ilikuwa imefika mwisho kweli, Dada. Mara ya mwisho nilipoishusha sikuchonga mstari mpya, kwa sababu palikuwa na mstari tayari. Ulikuwa wangu, ule wa utotoni. Baba yetu, ambaye nilikuwa namwona kama nguzo ya umeme, alikuwa amefika kwenye urefu wangu wa darasa la tatu.

Akasema hapandi yeye. Ipandishwe mpaka mstari wa chini kabisa, akanieleza nitaukuta nikilivuta bomba, nisipitilize, maana unapakana na alama ya kiwandani. Ana binti, alisema. Binti ana miguu mirefu, hata wakati wa kuzaliwa ilitangulia miguu. Siku moja atateremka kwenye basi ana mizigo, na kutoka kituoni mpaka nyumbani ni mbali, na yeye mgongo haumruhusu tena kumbeba kwenye karia kama alivyokuwa amepanga. Kwa hiyo inabidi baiskeli imkute iko tayari kwa urefu wake, aje mwenyewe.

Nikamuuliza huyo binti anakuja lini. Akasema hajui. Ndiyo maana basi la huko likiwa la kufika, yeye huenda kituoni. Kuna mama anauza chumvi pale, ana benchi lenye kivuli, na si adabu mtu kukaa kwenye benchi la mwenye duka bila kununua kitu.

Niliinama nikajifanya natafuta spana, Dada. Ilikuwa mkononi.

Mimi nilikuwepo siku uliyoondoka. Mama alikuwa ameshatutoka, hapakuwa na wa kusimama katikati. Baba alikuwa amesema dereva wa lori ana nyumba kila kituo, nawe ukasema basi yako itakuwa ya kwanza barabarani, naye akasema ukitoka mlango huu usiujue. Ulipita na begi, yeye amechuchumaa anajaza upepo gurudumu la mbele. Hakuinua kichwa. Alipiga pampu, akapiga, akapiga, mpaka ulipokwisha kukata kona bado anapiga, na tyubu ikapasuka mkononi mwake kwa kishindo. Siku zote nimedhani ilikuwa hasira. Sasa hivi nafikiri alikuwa hajui aache vipi.

Basi nikamuuliza, nikiwa fundi tu nisiyejua kitu, kwa nini asimwandikie huyo binti neno moja. Akasema alikuwa tarishi. Amepeleka barua za watu maisha yake yote, na nyingine zilikataliwa mlangoni. Mtu anatazama jina la mtumaji, anasema rudisha. Njia ya kurudi na barua iliyokataliwa, alisema, ina mlima hata palipo tambarare. Aliibeba milima hiyo kwa ajili ya wengine, akaona wa kwake hatauweza.

Nikalivuta bomba. Mstari wako ukatoka, unang'aa. Si grisi, Dada. Amekuwa akilichomoa na kuuchonga upya kwa msumari wake, miaka yote hii, usifutike. Nikaweka hapo, nikaanza kukaza, akanishika mkono. Akasema kaza ishike, lakini usikaze kwa hasira. Nati iliyokazwa kwa hasira inashika leo, inakatika siku ya amani. Yeye alikaza moja hivyo, aliniambia, na anajuta. Kisha akaomba aijaribu mwenyewe. Akaishika siti kwa mikono miwili akaisokota, na mikono ile haikuwa na nguvu ya kutikisa hata kikombe, akasema safi, haichezi. Nikaijaribu tena nyuma yake, kwa siri. Kweli haikucheza.

Nilitaka kunyamaza, lakini unanijua. Nikamuuliza kama ana mtoto mwingine. Akasema anaye, wa kiume, naye ni fundi kama mimi. Ana maneno mengi kama redio ya jirani, lakini mkono wake ni mzuri kuliko wangu, nisikasirike. Nikasema sikasiriki. Nikamuuliza huyo naye anamngojea kituoni? Akacheka kidogo. Akasema yule ni kama pedeli, akienda anarudi. Pedeli haingojewi, fundi.

Sijui hilo lilikuwa tusi au baraka. Nimelibeba kifuani tangu siku hiyo, silipi jina.

Sasa hatoki tena. Analala chumba chake kilekile, dirisha limefunguliwa upande wa barabara. Zipo siku ananijua, na siku hizo hakutaji hata kwa bahati mbaya, ni mzee yuleyule wa kizamani, ananikemea kuhusu kofia. Na zipo siku hanijui, ananiita fundi, na siku hizo hana habari nyingine ila zako. Ulivyojifunza kuendesha ukaangukia kwenye nguo zilizoanikwa. Ulivyomsomea gazeti miwani yake ilipovunjika. Mambo ambayo sijawahi kuyasikia, mimi niliyelala chumba cha pili. Nitakuambia ninachofanya, na usimwambie wifi yako: ninapoingia kumwangalia naingia na spana mfukoni, ninaiacha ichungulie. Natamani anisahau, ili anihadithie juu yako. Mtu wa kutembea kama mimi, bingwa wa miji, naomba kwa baba yangu kazi ya kuwa mgeni.

Daktari ametuambia tusihesabu sana mbele. Kila basi likipiga honi anauliza limefika la wapi. Jana alikuwa ananijua, nikadhani hatauliza. Akauliza. Mara ya kwanza akiwa ananijua, Dada. Akasema, ‘Mwanangu, hilo ni la huko?’ Kisha akageukia ukutani.

Kwa hiyo njoo. Kama unaogopa mlango, mlango wa mbele nimeung'oa bawaba kwa kisingizio cha kuupaka rangi, hakuna wa kukufungia. Ukiteremka kwenye basi usinitafute mimi, mimi nitakuwa kando ya kitanda. Nenda kwa mama mwenye chumvi, duka lenye benchi la buluu. Baiskeli nimeisukuma mpaka kwake. Hakuna aliyeipanda, na siti haijaguswa.

Lakini usiipande kabla hujaikagua, hata kama una haraka, hasa kama una haraka. Itazame alama ya kiwandani, isionekane. Mstari wako uwe sawasawa na mdomo wa fremu. Siti ilale bapa, pua yake isitazame juu wala chini, ielekee sawa na gurudumu la mbele. Ishike kwa mikono miwili uisokote kama unavyokamua nguo; ikicheza, spana iko chini ya karia, imefungwa kwa kitambaa cha shati lake la kazini. Kaza ishike, usikaze kwa hasira. Halafu weka kisigino kwenye pedeli uone mguu kama unanyooka. Begi lifunge kwenye karia, pita njia ya chini, ile ya juu ina mashimo.

Maana utakapoingia chumbani, kama nitakuwa nimejaliwa kumweka mpaka saa hiyo, namjua hatakuuliza ulikuwa wapi. Ataniuliza mimi, sijui kama mwana au kama fundi, jambo moja tu: siti ilimfaa? Nimeongopa mengi kwenye maisha yangu, Dada, kuhusu miji, kuhusu samaki, kuhusu wanawake walionililia bandarini. Kuhusu siti sijawahi kuongopa, na sitaki nianzie kwake.

Wifi yako anakusalimu, ameshatandika kitanda chako na amekuwekea mto mrefu. Kinyozi anakusalimu ingawa hakujui, anasema yuko tayari kukusukuma mlimani mradi asishike usukani. Shemeji umpe mkono wangu, mwambie chumvi ipo ya kutosha, aje tu tumpikie. Wapwa zangu uje nao kama nauli inaruhusu, na kama hairuhusu uje wewe.

Ni mimi mdogo wako niliyekaa hapa,

Profesa wa Spana,
fundi wa Baba yako.